Kufuga na Kufunga

Herufi moja tu hutenga kufuga na kufunga, lakini baina ya maneno hayo mawili pana umbali mkubwa wa maadili. Afugaye hujitwika ulezi: hulisha, hutibu, hulinda, na hujua kuwa ana deni kwa kiumbe kilicho mkononi mwake. Afungaye hujitwalia mamlaka, akadhani kuwa kiumbe ndicho chenye deni kwake. Kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, waliokaa na mwanadamu tangu kale, tofauti hiyo ni rahisi kutambulika. Kwa mnyama wa mwitu ni ngumu. Mtu akimtwaa mjusi msituni, akamtia katika sanduku la kioo, akamlisha mpaka akataga na mayai yakaanguliwa, je, amefuga au amefunga?

Kwa mkazi wa Kibaha au Kisarawe swali hili laweza kuwa kichekesho. Huko mjusi hafugwi. Mjusi mdogo wa kichwa cha manjano hupanda na kushuka minazi bila ya kuulizwa. Mjusi kafiri wa ukutani hufukuzwa kwa ufagio. Kinyonga huogopwa na wengi. Lakini Ulaya na Marekani mijusi huuzwa madukani, na wapo watu wanaowazalisha nyumbani kwa ustadi mkubwa. Wamarekani wanaye anoli wao wa kijani. Tanzania nayo imemtoa wake, na kwa gharama kubwa.

Mto Ruvu, ambao maji yake huchotwa Mlandizi, wilayani Kibaha, kwa ajili ya wakazi wa Pwani na Dar es Salaam, huteremka kutoka milima ya Uluguru. Chini ya milima hiyo, mkoani Morogoro, upo msitu wa Kimboza. Humo huishi mjusi mwenye urefu wa kidole, dume lake la rangi ya samawati, jike la kijani. Arthur Loveridge alimpa jina la kitaalamu mwaka 1952, Lygodactylus williamsi. Makao yake ni mikadi. Watafiti walikadiria kuwa baina ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilitoa mijusi hao wasiopungua 32,310. Mikadi ilikatwa ili waliomo vileleni wafikiwe. Mwaka 2016 Tanzania ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na mwaka huohuo mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg ukakubali kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya mijusi hao watokao msituni.

Wazalishaji wana hoja ambazo haifai kuzidharau. Husema kwamba kila mjusi anayezaliwa kiooni humwokoa mwenziwe asikamatwe msituni. Kwamba kiooni hakuna nyoka wala njaa. Na kwamba kiumbe asiyeridhika hazai. Hoja ya kwanza ina nusu ya ukweli. Mjusi aliyezaliwa kiooni na aliyeibwa msituni hawatofautiani kwa macho, kwa hiyo wa kwanza aweza kuwa pazia la wa pili. Ukiona vyaelea, vimeundwa: wazazi wa kwanza walitolewa mahali. Hoja ya pili huhesabu siku za kuishi, ikasahau kuuliza ni maisha gani yanayoishiwa. Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na watu wa pwani wana sababu ya kuitambua. Zamani za utumwa, watoto waliozaliwa utumwani katika pwani hii waliitwa wazalia. Mtu si mjusi, wala mateso ya mtumwa hayapimwi kwa mizani ya mnyama; lakini fundisho ni moja: kuzaa si hati ya ridhaa. Uhai huendelea hata palipo na kufuli.

Basi, je, kila uzalishaji wa kifungoni ni dhuluma? La. Chura wa Kihansi ni shahidi. Maji ya maporomoko yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, makao yake yalikauka. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, wakazalishwa katika bustani za wanyama. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa hayupo tena porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakarudishwa korongoni, ambako manyunyu yalikuwa yametengenezwa kwa mabomba. Kioo kile kilikuwa na mlango wa kurudia nyumbani. Mjusi wa Kimboza aliye sebuleni Ulaya hana mlango huo. Waliomnunua walilipa bei ya mjusi. Hakuna aliyelipa bei ya mkadi uliokatwa.

Hapo ndipo kipimo kilipo. Uzalishaji hauhukumiwi kwa wingi wa mayai, bali kwa hali ya mahali mzazi alipotolewa. Aliyekwisha kummiliki mjusi wa kiooni hana ruhusa ya kumtupa; ulezi ndio deni lililobaki.

Wala lawama haziishii kwa mnunuzi wa mbali. Katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, hapakuhitajiwa sanduku la kioo ili viumbe wapunguziwe makao: mkaa umetosha. Achomaye mkaa husukumwa na haja, na apikaye mjini humlipa. Wote wawili hawamfungi mnyama yeyote ndani, lakini humfungia nje ya makao yake. Afugaye kwa kweli hulinda mti kwanza, mjusi baadaye. Maana mti ukibaki, mjusi hujifuga mwenyewe.