Mwiko na Amana katika Misitu ya Kaya
Misitu ya kaya, yaani mabaki ya msitu wa pwani ya Kenya yanayozunguka maboma ya kale ya Wamijikenda, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ingawa kabla ya hapo ilisalimika kwa miiko ya wazee, waliokataza kukata miti hasa karibu na palipozikwa fingo, yaani kago la kuilinda jamii. Swali ni kama mwiko huo unawafunga pia Waislamu na Wakristo wa vijiji jirani. Unawafunga, kwa kuwa dini zao nazo huiona ardhi kuwa amana ya Mungu. Lakini anayewahimiza wanakijiji kuutunza msitu huku akiwanyima riziki hana haki ya kuwalaumu wakiuvunja mwiko huo.