Kaa Kivulini Uhesabu

Mpwa wangu,

Mama yako alinipigia simu jana usiku. Kasema umepewa kazi ya kukadiria magari yatakayoletwa na lile jengo, maduka chini, ofisi katikati, vyumba vya kupanga na vya wageni juu. Kwa furaha ya mzazi akaongeza kwamba jibu umeshalipata, na huna hata siku tatu tangu ushuke basi hapa Singida. Mimi nilikohoa tu. Jibu la siku tatu halijazaliwa hapa, umekuja nalo kwenye begi.

Nalifahamu begi lenyewe. Hata sisi tulikuwa nacho ofisini kile kitabu cha taasisi ya wahandisi wa usafiri ya Marekani, ITE. Toleo la kwanza lilitoka 1976, la kumi na moja 2021. Unafungua penye vituo vikubwa vya maduka, unakuta kila futi za mraba 1,000 huleta safari 3 hadi 4 za magari katika saa ya jioni yenye shughuli nyingi. Maduka yenu ni mita za mraba 2,000, yaani futi 21,500 hivi. Unazidisha, unapata magari 70 na ushei, labda 80. Kazi imekwisha na chai haijapoa.

Kitabu sikitukani. Walioandaa walitoka jasho, walisimamisha watu kwenye malango ya majengo mengi wakahesabu moja moja. Lakini ni malango yao, huko kwenye vitongoji ambako mtu hutoa gari kwenda kununua mkate. Waingereza wana hazina yao ya takwimu, wanaiita TRICS. Waafrika Kusini, ambao miji yao ina daladala na watembea kwa miguu kama sisi, nao waliandika mwongozo wao. Sisi bado tunavaa nguo ya kuazima, na unajua wazee walisema haisitiri nini.

Sasa nenda kasimame Misuna, pale stendi na kwenye soko la vitunguu, saa kumi na moja jioni. Tazama mtu anavyofika dukani. Wengi kwa miguu. Wengine kwa bodaboda, wengine bajaji, mama mmoja na nusu gunia kwenye guta, mzee na mkokoteni wa punda. Gari la mtu binafsi lipo, ila ni moja kwa watu wengi. Kitabu chako hakina ukurasa wa punda.

Usije ukafurahi ukasema basi magari ni machache, tukate ile 80 kwa nusu tulale. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, na mimi niliteleza kabla yako. Mteja akija na gari lake, langoni yanapita mapito mawili: anaingia, anaegesha, ananunua, anatoka. Akija kwa bodaboda yanakuwa manne. Inaingia naye, inatoka tupu. Akimaliza, nyingine inaingia tupu, inatoka naye. Tuseme, kwa mfano tu, wateja 100 wa saa hiyo wamepanda bodaboda: langoni pako pana mapito 400 ambayo mteja mwenyewe hayajui. Pikipiki tunaihesabu kama nusu ya gari dogo au pungufu, lakini nusu ya 400 ni 200, nawe umeandika 80.

Halafu fanya jambo moja dogo. Wapimie vijana wa bodaboda kijiwe ndani ya kiwanja, chenye kivuli, mahali ambapo aliyeshusha anaweza kumchukua anayetoka. Mapito yale 400 yanaanza kushuka kuelekea 200, bila kupanua barabara hata hatua moja. Ukiwafukuza kwa sababu tajiri mwenye jengo anaona wanalichafulia sura, hawaendi popote. Watasimama barabarani, mbele ya lango lako, nawe utawalaumu wao. Nimeona majengo mengi mazuri yaliyochorwa na watu ambao hawajawahi kupanda bodaboda.

Kuna la pili ambalo kitabu kinalisema vizuri na nataka ulishike. Jengo la matumizi mchanganyiko lina safari zinazokufa ndani kwa ndani. Karani wa ghorofa ya pili anashuka kunywa supu, mpangaji wa juu anashuka kununua sukari, mgeni wa chumbani anashuka kutafuta vocha. Ukihesabu duka peke yake, ofisi peke yake, na nyumba peke yake, kisha ukajumlisha, umemhesabu mtu yuleyule mara mbili au tatu. Punguza. Ila punguza kwa ushahidi. Kaa katika jengo lolote la namna hiyo mjini, waulize watu wanaotoka dukani: umetoka wapi, unakwenda wapi? Swali la nusu dakika. Usichukue asilimia ya huko Marekani ukaipachika hapa, kwa sababu hapa kwetu hata wa ofisini ana kikapu chake cha mboga anachokijaza sokoni, si dukani kwako.

La tatu ni la Singida hasa. Mji wetu umekaa njia panda. Barabara kuu inatoka Dodoma inapita hapa kwenda Nzega na Mwanza, nyingine inachepuka kwenda Babati na Arusha. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapa usiku na mchana. Abiria wa basi akishuka kununua kuku wa kienyeji na dumu la mafuta ya alizeti, jengo lako halijaongeza gari barabarani. Basi lile lilikuwa linapita hata jengo lingekuwa pori. Lakini limeongeza kitu kingine kibaya zaidi: basi linakata kona, linasimama, linarudi barabarani likiwa limejaa watu wanaokimbia na mifuko. Kwa hiyo andika hesabu mbili. Moja ya magari mapya juu ya barabara, nyingine ya magari yanayogeuka langoni. Nimesoma taarifa nyingi zinazochanganya haya mawili, na mara nyingi kosa linakwenda upande unaomfaa mwenye jengo. Sijui kwa nini.

Na takwimu za zamani usiziamini hata kama nilizikusanya mimi. Mabasi ya masafa marefu yalikatazwa kutembea usiku kwa miaka mingi, yakaruhusiwa tena 2023. Zamani basi lililotoka Dar es Salaam alfajiri lilitufikia alasiri, na saa za fujo zilijulikana. Sasa basi linaweza kupita saa nane za usiku. Jedwali la 2019 litakuambia habari za mji ambao haupo tena. Ongeza serikali kuhamia Dodoma kuanzia 2016, kilomita 240 hivi kutoka hapa, na lami ya Babati ambayo kabla yake kwenda Arusha ilikuwa safari ya kuaga ndugu. Kila moja ilibadilisha mkondo.

Nikuambie kisa changu. Nilikuwa kijana kama wewe, kwenye mji mmoja nisioutaja, nikatumwa kuhesabia jengo la soko na vyumba. Nikahesabu Jumanne na Jumatano, mvua ikinyesha, maana mkubwa wangu alitaka karatasi Ijumaa. Namba zikawa nzuri, ndogo, safi. Jengo likajengwa na lango moja, jembamba, limeikodolea macho barabara kuu. Siku ya mnada wa kwanza lori lililobeba alizeti lilijaribu kuingia likashindwa, likajaribu kurudi nyuma likashindwa, na barabara ya kwenda mikoa mitatu ikasimama toka asubuhi hadi adhuhuri. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hilo ndilo lililoniuma: karatasi yangu ilikuwa kabatini na jina langu chini, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuitoa.

Kwa hiyo hesabu siku saba, pamoja na siku ya mnada na Ijumaa. Anza kabla jua halijachomoza, saa kumi na mbili asubuhi, funga saa kumi na mbili jioni, na usiku mmoja au miwili kesha. Uliza pia umekuja mwezi gani. Alizeti huvunwa kuanzia Mei hivi hadi Julai, na malori ya miezi hiyo si ya Desemba. Ukihesabu Novemba, ukakuta mji umepoa, usije ukaandika kwamba Singida ni mji uliopoa.

Tenganisha aina. Lori lenye tela usilihesabu kama moja. Kwa kipimo cha gari dogo ni kama matatu hivi, na kwenye lango jembamba ni zaidi ya hapo, kwa sababu linaziba. Duka lenye mafuta na saruji linahitaji lori la mzigo, na lori la mzigo linapenda kuja saa nne asubuhi wateja wakiwa wamejaa. Hili huwa halimo kwenye makadirio hata kidogo. Waulize wenye maduka ya sasa wanapokea mzigo saa ngapi, mara ngapi kwa wiki. Watakuambia bila kusitasita. Nani anasahau saa anayolipa kuli?

Kuhusu kesho, angalia sensa. Mkoa wetu ulikuwa na watu 1,370,637 mwaka 2012, ukafika 2,008,058 mwaka 2022. Hiyo ni karibu asilimia 4 kila mwaka. Kwa mwendo huo magari 100 ya leo ni 147 hivi baada ya miaka 10. Lakini usifikiri gari linakua sawasawa na mtu. Watu wanaweza kuongezeka wote wakapanda bodaboda, au barabara ikatengenezwa na kila mwenye kiwanda cha mafuta akanunua lori la pili. Weka ukuaji wa chini, wa kati na wa juu, uone lango linavumilia upi.

Na barabara ina wenyewe. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, mitaa ya mjini ni ya TARURA, ambayo ilianza 2017. Sheria ya Barabara ya 2007 inalinda mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Foleni ya lango lako isitue humo. Rudisha lango ndani, gari la kwanza na la pili na la tatu yasubiri kwenye kiwanja cha tajiri, si kwenye njia ya mtu anayewahi msiba Nzega. Tajiri atalalamika kwamba unamla mita za maduka. Mwache alalamike. Ndizo mita zake za bei rahisi kuliko zote.

Huyo tajiri ndiye nilitaka nimalizie kwake, maana hesabu hazitakushinda, umesoma kuliko mimi. Atakutaka namba mbili. Kwa watu wa barabara atataka magari machache ili apewe kibali bila kuambiwa ajenge mchepuko. Kwa benki atataka wateja wengi, ili apate mkopo. Siku moja atakuita, akuagizie soda, aseme kwa upole kwamba watu 1,000 watakuja dukani lakini barabara haitawaona. Muulize watapitia wapi. Usicheke, uliza tu, unyamaze. Andika hesabu ileile kwenye karatasi zote mbili: jengo moja lina foleni moja, na foleni haijui ilipewa namba gani benki.

Tena usimpe namba moja hata yeye. Mpe kati ya hii na hii, na sababu. Mkuu wako atasema mhandisi hana uhakika. Mwambie mhandisi ana uhakika wa kati ya hapa na hapa. Wakubwa wanapenda namba moja kwa sababu inaingia vizuri kwenye hotuba.

Nimeambiwa jijini Dar es Salaam palipokuwa na stendi ya Ubungo sasa kuna kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, na stendi ilihamia Mbezi 2021. Na maduka ya Mlimani City ya tangu 2006 bado yanajaza magari. Ukienda, kahesabu kwa kujifunza namna ya kukaa, si kwa kuchukua namba. Zile ni za barabara ya Sam Nujoma.

Jumamosi ndiyo siku ya pilikapilika. Nitakuja alfajiri na stuli mbili na chupa ya chai. Wewe leta karatasi za kutosha na penseli, kalamu zinakauka vumbini, na okota mawe mazito mawili matatu tuzikandamizie. Mwaka ule nilihesabia Kibaoni karatasi ya saa nne ilipeperuka na upepo wa hapa kwetu, nikaijaza kwa kukisia. Wewe utashika malori na mabasi, maana macho yako ni mazuri. Mimi nitashika bodaboda, na mkono ukichoka kuchora vijiti nitakuambia.

Mjomba wako.