Mizani ya Mwili

Lugha yetu ina neno moja linalofanya kazi mbili ambazo, kwa kutazama juu juu, hazina udugu. Sokoni, mizani ni chombo cha kupimia uzito wa unga, papa mkavu au karafuu. Kwa washairi, mizani ni hesabu ya silabi: 8 katika mshororo wa utenzi, 16 katika mshororo wa shairi lenye ukwapi na utao. Mizani ya kwanza hutoa hukumu: kimezidi, kimepungua. Mizani ya pili haihukumu kitu. Huyapa maneno umbo. Kwa msaada wa neno hili nataka kuuliza suali ambalo wengi hudhani si la watu wa fasihi: mtu anayeazimia kuupunguza mwili wake kwa kula kwa kiasi na kwa mazoezi, anajipima kwa mizani ipi? Na je, anafanya hivyo kwa kujipenda au kwa kujichukia?

Suali hili si jepesi kwetu sisi watu wa pwani, kwani jamii yetu inautazama mwili kwa macho mawili yanayopingana. Aliyenenepa huambiwa amenawiri, na unene wa bwana harusi miezi michache baada ya ndoa huhesabiwa kuwa sifa ya mkewe. Aliyepungua huulizwa anaumwa nini, au ana dhiki gani. Na tangu ukimwi ulipoingia katika nchi zetu katika miaka ya 1980, suali hilo limebeba tuhuma isiyosemwa. Lakini huyo huyo aliyesifiwa kwa kunawiri, akipita mbele ya barza ataitwa bonge au tipwatipwa, na watu watacheka. Basi anayeanza leo kuliacha andazi la pili na kutembea ufukweni alfajiri hujikuta kati ya jicho linalomwambia amezidi na jicho linalomwambia asipungue. Akilifanya lolote kati ya hayo kuwa kadhi wake, hatafika popote, maana kila kona ya mtaa itampa hukumu nyingine.

Tuianze hoja kwa wale wanaohukumu. Husema: mwili ni amana, aliyenenepa ameivunja amana, basi unene ni ushahidi wa ulafi. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ina hatari yake. Unene una sababu nyingi: kuna urithi wa damu, kuna dawa zinazoongeza uzito, kuna kazi ya kukaa kutwa au kukesha usiku, na kuna umasikini ambamo chakula cha bei nafuu ni kile chenye wanga, sukari na mafuta. Kadhalika, wapo wembamba wengi ambao ni walafi, ila miili yao haiwafichui. Maadili hukaa katika tendo. Hayakai katika upana wa kiuno.

Hata kipimo kinachotumiwa na matabibu, cha kuugawa uzito wa mtu kwa kipeo cha pili cha urefu wake, hakikuzaliwa ili kumhukumu mtu mmoja. Alikibuni Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mtaalamu wa hisabati na falaki, katika miaka ya 1830, alipokuwa akiitafuta sura ya mtu wa wastani katika umma mzima. Jina linalotumika leo alikipa Mmarekani Ancel Keys na wenzake katika mwaka 1972. Kipimo hiki hakitofautishi msuli na mafuta, wala hakijui mtu amekula nini wala amefanya kazi gani. Tabibu ana haki ya kukitumia kama dalili. Jirani hana haki ya kukitumia kama tusi.

Lakini ile nusu ya ukweli tusiitupe. Amana ipo. Uzito uliozidi huzidisha hatari ya kisukari cha ukubwani, shinikizo la damu na kiharusi, na maradhi hayo hayamshiki mgonjwa peke yake. Mguu wa baba ukikatwa, wanaombeba ni wanawe. Na maisha yetu yamebadilika huku sinia ikibaki ileile. Bibi aliyekula wali wa nazi alikuwa amekwishautwanga mpunga kwa mchi wake mwenyewe. Babu aliyemaliza sahani ya pili alikuwa ametoka kuvuta jarife. Leo mchele umekuja umekobolewa kwenye gunia, na tunakwenda kuununua kwa pikipiki. Anayepunguza sahani yake haikatai mila, kwa kuwa mila ilikuwa na pande mbili na upande mmoja, ule wa jasho, umetutoka.

Tena inatosha kupungua kidogo. Kwa aliyezidi uzito, kupungua asilimia 5 hadi 10 tu kunaweza kuishusha sukari na shinikizo la damu kwa namna inayoonekana. Mwenye kilo 100 hahitaji kuwa unyasi. Kilo 5 hadi 10 zikiondoka, moyo wake hupata nafuu. Haya ni maneno ya faraja, na ni ajabu kwamba anayeanza mara nyingi hayasikii. Yeye hukimbilia ukali: siku tatu bila wali, maji ya ndimu asubuhi na jioni, mbio mpaka magoti yavimbe. Anadhani kadiri anavyojitesa ndivyo anavyotengenea.

Ukali huo ulipata kupimwa. Katika miaka ya 1944 na 1945, huyo huyo Ancel Keys, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, ili ijulikane namna ya kuwahudumia watu walioteswa na njaa ya vita. Walikuwa wenye afya nzuri, si watu wanene. Kwa muda wa miezi 6 walikula kama nusu ya mazoea yao, huku wakitembea masafa marefu kila wiki. Walipungua, naam, lakini pia walidhoofika nyoyo, wakawa wakali na wapweke, na fikira zao zote zikahamia kwenye chakula. Wapo waliosoma vitabu vya mapishi kama wanavyosoma wengine riwaya. Waliponyimwa chakula, chakula kiliwatawala. Tangu hapo wataalamu wamezidi kufahamu kwamba mwili unaopunguzwa hujitetea: njaa huzidi na matumizi ya nishati hushuka. Kwa hiyo anayerudi nyuma baada ya wiki mbili za mateso asiitwe dhaifu wa imani. Alishindana na umbile lake kwa silaha isiyofaa.

Silaha inayofaa waliijua watu wa kale. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anapoeleza kwamba wema ni wastani baina ya kuzidi na kupungua, anatoa mfano wa chakula. Ikiwa ratili 10 ni nyingi na ratili 2 ni chache, mkufunzi wa michezo hatampa kila mtu 6. Kiasi hicho ni kidogo kwa Milo, mwanamieleka mashuhuri wa kale, lakini ni kingi kwa anayeanza mazoezi. Tazama, msomaji: mwanafalsafa alipotaka kueleza wastani ni nini, alimkumbuka mtu anayeanza. Wastani wa mtu hukaa baina ya hali aliyonayo na uwezo alio nao, na mwingine hawezi kumkopesha wake.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anaifikisha hekima hiyo kwenye hesabu ya jikoni. Katika Ihyaa, anapozungumzia kuyavunja matamanio ya tumbo, anamwelekeza aliyezoea mikate 2 na anayetaka kubaki na 1: apunguze kila siku sehemu moja katika sehemu 28 za mkate mmoja. Baada ya mwezi atakuwa amefika, wala hatadhurika. Huyu ni sufi aliyeitazama njaa kama mlango wa ibada, na bado hakumwamrisha mtu auvamie mlango huo kwa siku moja. Sisi husema haba na haba hujaza kibaba. Tumesahau kwamba kibaba ni kipimo cha nafaka, na kwamba kilichojaa kwa haba na haba hupungua kwa njia ileile.

Hapa ndipo mizani ya shairi inapotufaa. Mwanagenzi wa utungaji huhesabu silabi kwa vidole. Huona dhiki, neno alipendalo halikai, silabi moja inazidi, analiacha na kutafuta jingine. Hakuna amwambiaye kwamba anayachukia maneno. Twajua kuwa anayapenda, na ndiyo maana anayatafutia kipimo. Siku zikipita vidole hupumzika na sikio huhesabu lenyewe. Kula kwa kiasi ni vivyo hivyo. Anayekunywa vikombe 4 vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko 3 vya sukari, amekula vijiko 12, yaani gramu 48 hivi. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliweka ukomo wa sukari ya kuongezwa kuwa takriban gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida. Amekwisha kuufikia kabla ya kuonja halua. Huyu asiikimbie chai. Apunguze nusu kijiko, ulimi uzoee, kisha apunguze nusu nyingine. Neno ambalo lugha za Ulaya zimelitumia na sisi tukalifanya dayati limetokana na Kiyunani, diaita, ambalo maana yake ni mwenendo wa maisha. Mwenendo haupatikani kwa wiki mbili.

Na mazoezi nayo yasifanywe kafara. Wapo wanaokula maandazi matatu kisha wakatembea nusu saa ili kuyafuta. Hesabu haikubali: matembezi ya nusu saa hayafuti hata mawili. Faida ya kutembea ni nyingine. Moyo hupata nguvu, usingizi hutulia, sukari hupata njia ya kutumika, na mtu huukumbuka mwili wake kama rafiki anayemchukua mahali. Dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhema kidogo ndizo zinazopendekezwa kwa uchache. Anayeanza aanze na 10 kwa siku, na akizimudu aongeze.

Limebaki suala la sinia, nalo ndilo zito kuliko yote. Kwetu, kukataa chakula ni kumkataa mtu. Mwenyeji husema, "Ongeza, mbona hujala kitu?" na mgeni huona haya. Wengi wanaoanza hushindwa hapa, kwenye mapenzi ya watu, kabla hata ya kupambana na njaa. Na mwanamke ana mtihani zaidi: ndiye apikaye vya wote na kuonja vyungu vyote, na akitoka kutembea alfajiri na buibui lake huulizwa anamfuata nani. Nasema kwamba wajibu hapa ni wa pande mbili. Mgeni aje, akae, anawe, ale taratibu, asifu mapishi, wala asihubiri habari za mafuta mbele ya aliyekesha jikoni. Na mwenyeji, akishakaribisha mara moja kwa moyo safi, asilazimishe mara ya pili. Ukarimu ni kumpa mgeni nafasi, na mgeni aliyekula kiasi chake ameshiba ukarimu huo wote. Futari iliyojaa kaimati, tambi na mihogo ya nazi haipungukiwi baraka kwa kuwa mmoja katika walioizunguka ametosheka na tende, uji na kipande cha samaki.

Hukumu ya mizani ya sokoni huja mara moja na kupita. Anayeanza aitazame kwa nadra, kama msafiri anavyoitazama dira, kisha arudi kwenye makasia. Siku atakayozidisha, na siku hiyo itakuja, afanye kama mshairi aliyekuta mshororo umevunjika: hachani shairi zima, wala haandiki mshororo wa pili kwa ghadhabu ili kuulipia wa kwanza. Huurekebisha ule uliokosewa, akaendelea. Nasi tunaomtazama akipita tusimwite bonge, wala tusimuulize anaumwa nini. Tumpe salamu, tumwachie njia.