Shingo ni ya nani?

Daktari akimwambia mgonjwa kwamba uwezekano wa kivimbe chake kuwa saratani ni chini ya asilimia 5, amemwambia nini hasa? Kwamba kati ya watu 100 wenye vivimbe vya aina ile, hawafiki watano walio nayo. Lakini mgonjwa hana shingo 100. Anayo moja, na ndani yake saratani ama imo ama haimo.

Swali hili limenikaa tangu jirani yetu hapa Tibirinzi, mwalimu wa chuo cha Kurani, alipotoka Unguja na karatasi ya altrasaundi. Kivimbe kwenye tezi ya thairoidi, sentimita 1.8, daraja la tatu. Hakuna sindano wala kisu. Arudi baada ya mwaka. "Mwanangu," aliniuliza, "mtu huambiwaje ana kitu, kisha akaambiwa akae nacho?"

Daraja hilo lina hesabu yake. Mwaka 2017 Chuo cha Radiolojia cha Marekani kilitoa utaratibu wa kuvipa vivimbe alama kwa mambo matano: kama ni maji au nyama, weusi wake kwenye picha, umbo, kingo, na chembe nyeupe za ndani. Alama zikijumlishwa hutoa daraja, la kwanza hadi la tano. Cha daraja la tano huchukuliwa sampuli kwa sindano kikifika sentimita 1; cha daraja la tatu, mpaka kifike 2.5. Kikiwa kati ya 1.5 na 2.5, hupigwa picha tena baada ya mwaka 1, 3 na 5.

Subira hiyo ina sababu. Korea ya Kusini watu wengi wazima walipopimwa shingo kwa altrasaundi, saratani za thairoidi zilizogunduliwa mwaka 2011 zilikuwa mara 15 ya zile za mwaka 1993, lakini idadi ya waliokufa kwa ugonjwa huo haikubadilika. Maelfu walipasuliwa kwa kitu ambacho huenda kisingewadhuru kamwe. Baadhi yao walibaki na sauti iliyoharibika.

Basi ile 2.5 haikuandikwa na maumbile. Watu walikaa wakapima makosa mawili, kumkata asiyehitaji na kumwacha anayehitaji, wakaamua lipi livumilike zaidi na kwa kiasi gani. Uamuzi huo ni wa kimaadili, hata ukiandikwa kwa sentimita.

Na mizani ya kule si lazima iwe ya huku. Pemba shingo iliyovimba si jambo geni: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa upungufu wa madini joto bado upo Zanzibar, na Pemba ulizidi Unguja, ingawa tumezungukwa na bahari na samaki. Kwetu kusubiri kunataka nauli ya boti. Kukata nako kunataka boti, na tezi yote ikitolewa, kidonge kila siku maisha yote. Tena mshipa wa fahamu unaoendesha sauti umepita nyuma ya tezi hiyo hiyo.

Wanawe walitaka kitolewe. Hofu yao ni mapenzi, lakini ni hofu yao. Yeye alisema, "Mie nasomesha kwa sauti. Mkinitolea hiyo, mmenibakishia nini?"

Nadhani hapa kila mmoja ana fungu lake. Daktari anatoa uwezekano, na autoe kwa maneno yanayoeleweka. Jamaa wanatoa nauli. Lakini kosa gani mtu yuko tayari kuishi nalo, hilo ni la mwenye shingo kusema.

Ila kusubiri ni tiba pale tu kunapokuwa na kurudi. Kumwambia mtu wa Pemba "njoo mwakani" bila kujua atavukaje ni kumtelekeza kwa lugha ya kitaalamu. Wanawe wameelewa hivyo: wameanza kuweka nauli, na tarehe imeandikwa ukutani, kando ya kalenda ya Hijria.