Imani ya Mwanafunzi juu ya Akili Yake

Yasemwa kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii aghalabu humwonya mtu asidharau rai ya mwenzake. Lakini darasani hugeuka ikawa hukumu. Mtoto aliyeshindwa hesabu huisikia kama kwamba fungu lake lilikwisha kukatwa siku aliyozaliwa. Na asiyetumaini kuliongeza fungu lake haoni sababu ya kutoka jasho. (Ajabu ni kwamba nywele nazo huota.)

Juu ya uwanda wa Makonde jambo hili lina uzito wa pekee. Ardhi ya Newala ni ya mchanga, mvua huizama upesi, na kwa vizazi vingi wanawake na wasichana waliteremka mabondeni kuteka maji, kisha wakaupanda mlima na mitungi kichwani. Msichana wa namna hiyo alifika shuleni amekwisha kufanya kazi ya siku nzima. Aliposinzia akaitwa mzito wa kichwa, alidhulumiwa mara mbili: uchovu wa miguu ulihesabiwa kuwa upungufu wa akili, naye akausadiki uongo huo. Dhuluma ya kwanza yaweza kuondolewa na bomba. Ya pili yaweza kudumu hata uzeeni, kwa maana mwanadamu huilinda imani aliyo nayo juu ya nafsi yake, ijapokuwa inamdhuru. Wala si haki kumhubiria mtoto huyo ajiamini, na njia ya maji ikaachwa vile vile.

Jirani yake, Masasi, ilikuwa moja ya wilaya sita ambazo Tanzania ilikusudia kufuta ujinga wa kusoma na kuandika mwaka 1971. Watu wazima walioitwa darasani walikuwa wamelelewa na methali nyingine, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Katika nchi nzima, wasiojua kusoma walipungua kutoka 67 kwa mia mwaka 1967 hadi 39 kwa mia mwaka 1975. Sehemu ya mavuno hayo ni ya vijana waliotoka shuleni. Lakini wazee nao walisoma, kwa vichwa vile vile walivyokuwa navyo zamani. Walichopewa kipya ni mwalimu, kitabu, na neno la hadharani kwamba mtu mzima hufundishika. Baadaye zikafuata maktaba na magazeti ya vijijini, kwa kuwa aliyejua kusoma akakosa cha kusoma husahau herufi, kisha huanza tena kuamini kwamba hakuumbiwa kusoma.