Kijiti Kinapotakiwa Kutolewa

Siku hizi mama aweza kuingia zahanati asubuhi na kurudi shambani kwake mchana, naye ametiwa kijiti chini ya ngozi ya mkono. Halazwi. Ganzi kidogo, dakika chache, bendeji, basi. Kijiti cha namna moja hudumu miaka 3, cha namna nyingine miaka 5. Kitanzi cha shaba, kinachotiwa katika mji wa mimba, hufika miaka 10 au zaidi. Kama jambo hili ni halali, Wakatoliki na Walutheri hawajibu namna moja, nami siliamui hapa. Nauliza jingine: aliyetiwa akitaka kitolewe kabla ya muda, ni nani mwenye neno?

Twaambiwa, na ni kweli, ya kwamba kijiti kikitolewa uzazi hurudi upesi, tofauti na sindano ya miezi 3, ambayo baada yake mama huenda akangoja miezi mingi. Lakini vidonge mama huviacha mwenyewe nyumbani. Kijiti hana budi kuomba atolewe. Tena kutoa ni kazi kuliko kutia: yapasa kipapaswe, ngozi ichanjwe, na kilichozama humshinda asiye fundi. Na vingine hutiwa siku ya huduma ya mkoba, na jioni gari limekwisha kuondoka.

Tuseme mke mmoja wa Kibingo, mwaka wa kwanza, hedhi yake imevurugika (jambo lijulikanalo sana kwa vijiti), ataka kitolewe. Aambiwa, “Vumilia mama, muda haujaisha, hii ni mali ya serikali.” Msemaji huenda ana huruma: ajua wengine hutulia wakielezwa, na ya kuwa mimba za kufuatana zina hatari. Na aeleze, hata mara mbili. Lakini akiisha kueleza, na mama angali ataka, kukataa huko ni nini? Mama alikubali kwa hiari, na hiari yake haikuisha siku ile ya ganzi. Kwangu mimi, kumnyima ni kumtia kingine kwa nguvu kila kunapokucha. Mali ya serikali? Mkono ni wake.

Na mume je, akija yeye kudai kitolewe? Kiu ya mtoto si jambo dogo. Ila mwuguzi na amwulize mama peke yake, mlango umefungwa.

Naye aendaye kutiwa na aulize kwanza, kabla ya kukunja mkono wa gauni: hapa ni nani hutoa, na siku gani?