Je, Joto Peke Yake Ndilo Lililoua?

Mtu akifa wakati wa joto kali au baridi kali, tu wepesi wa kusema: ni hali ya hewa, nani awezaye kushindana nayo? Neno hilo lina ukweli, lakini twaona ni nusu tu ya ukweli.

Katika nusu ya kwanza ya Agosti 2003 nchi ya Ufaransa ilipatwa na joto ambalo watu wake hawakulizoea. Mjini Paris, kwa siku tisa mfululizo, joto la mchana lilizidi digrii 35, na usiku mwingine halikushuka chini ya 25. Walikufa watu wapatao 15,000 zaidi ya hesabu ya kawaida, wengi wao wakiwa wazee waliopita miaka 75.

Msomaji wa pwani atauliza: digrii 25 usiku ni kitu gani? Si ndivyo tulalavyo? Naam, lakini mwili huzoea joto polepole, kwa muda wa juma moja au mawili. Likija ghafula, na usiku usilete nafuu, moyo usukumao damu kwenye ngozi ili ipoe haupati saa ya kupumzika. Mzee naye hutokwa na jasho kidogo, na kiu yake imepungua, hata maji yamwishia mwilini bila ya kujua. Tena tusidhani kwamba joto pekee ndilo adui. Uchunguzi wa vifo zaidi ya milioni 74 katika nchi 13, uliotangazwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba baridi huua wengi kuliko joto, na hasa baridi ya kadiri, ile isiyomshtua mtu.

Basi, mzee wa Paris alihitaji nini? Maji ya kunywa, kitambaa kibichi, mahali penye ubaridi, na mtu wa kumhimiza anywe. Mtu huyo ndiye aliyekosekana. Agosti ni mwezi wa likizo huko. Watoto na majirani walikuwa wamekwenda zao. Tarehe 3 Septemba maiti 57 zisizo na ndugu wa kuzichukua zilizikwa Thiais, karibu na Paris, na Rais Chirac mwenyewe alihudhuria.

Mwaka uliofuata Serikali ilitunga sheria: wafanyakazi watumike siku moja zaidi pasipo mshahara, na fedha ziwasaidie wazee na walemavu. Siku iliyowekwa kwanza ilikuwa Jumatatu ya Pentekoste. Wengi walinung'unika. Sisi hatuidharau fedha hiyo, kwani muuguzi hali maneno matupu. Lakini je, deni la mtu kwa mama yake laweza kulipwa kwa ujira wa siku moja? Twasema hapana, wala hatuwacheki Wafaransa. Nasi tunao vijana mijini wanaotuma fedha nyumbani kwa simu kila mwezi bila kukosa, na huku Njombe, katika baridi ya Julai, bibi hana wa kumwashia moto.

Halmashauri za miji ya Ufaransa sasa zina daftari la wazee wakaao peke yao, ili siku za joto wapigiwe simu au watembelewe. Jina huandikwa kwa ombi la mzee mwenyewe, au la mtu amjuaye. Wale 57 wa Thiais, nani angaliwaandikisha?